Sura ya Sita: Kompyuta Isiyovishwa Koja

Barabara mbele ya lango la Punnai TV ilikuwa imetapakaa maboga. Jana ilikuwa siku ya puja, ibada ya kubariki zana za kazi, na kila ofisi ya Chennai inayoogopa kijicho cha watu ilikuwa imepasua boga lake njiani na kulipaka unga mwekundu. Leo asubuhi pikipiki zilikuwa zikiteleza juu ya mabaki. Inspekta Malarvizhi wa kitengo cha makosa ya mtandao naye aliteleza, akadaka nguzo ya lango, akasonya. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika ishirini. Ifikapo saa nne na nusu alitakiwa ashuke ngazi za jengo hili na mtu mwenye pingu, na mtu mwenyewe alikuwa hajamtia machoni.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba saa ya pingu haikupangwa na polisi. Ilipangwa na wenye televisheni, na mkuu wake wa kazi akaipitisha kwa simu kabla Malarvizhi hajamaliza kahawa yake.

Mkasa ulikuwa hivi. Kwa miaka mingi Punnai iliuza tamthilia zake na ligi yake ya mchezo wa kabadi kwa kampuni kubwa za nje zinazoonyesha burudani mtandaoni. Mwaka huu mwenye kampuni, Meyyappan, aligoma kuuza. Alirudisha kila kitu nyumbani, akaanzisha huduma yake mwenyewe ya kutazamwa kwenye simu, akaipa jina la Veedu, yaani Nyumbani, na uzinduzi ulikuwa leo, sikukuu ya Vijayadashami, siku njema ya kuanza jambo jipya, saa nne na nusu, dakika iliyochaguliwa na mnajimu wa familia. Jioni ingekuwa fainali ya kabadi. Asubuhi ingekuwa tamthilia mpya, *Kisima cha Saba*, sehemu kumi kwa mkupuo. Halafu saa kumi na mbili alfajiri sehemu ya kwanza ikaonekana bure kwenye kundi moja la simu lenye watu laki mbili, na chini yake ujumbe wa mstari mmoja: tisa zilizobaki, saa nne na nusu.

Kila kompyuta ya wahariri wa picha pale Punnai hutia alama yake, isiyoonekana kwa macho, katika nakala inayotoka kwake. Mafundi wa Malarvizhi waliipata alama hiyo kwa dakika ishirini. Kompyuta namba tisa, jana, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri. Namba tisa ni ya mhariri anayeitwa Savarimuthu.

Meyyappan alimpokea penye lifti, amevaa hariri nyeupe, paji la uso lina mistari mitatu ya majivu ya ibada.

"Afande, umechelewa. Mtu wako yuko chumba cha mikutano. Nimemwekea mlinzi mlangoni."

"Mtu wangu tangu lini? Sijamposa."

Meyyappan hakucheka. "Mashine yake, neno lake la siri. Unataka nini tena? Waandishi wako chini na kamera zao. Saa nne na nusu nazindua, na wewe unapita mbele yao na mwizi. Watu waone kwamba nyumba ya Punnai haichezewi."

"Jana hii ghorofa ilikuwa na watu wangapi?"

"Wote walikuwepo, lakini kwenye puja. Ile ni siku ya kugusa kompyuta? Zana zikishapakwa liwa na kuvishwa makoja, haziguswi mpaka puja ifunguliwe, leo saa nne na robo. Hakuna mtu wangu angethubutu." Akashusha sauti. "Savarimuthu ni Mkristo. Kwake ilikuwa Jumatano tu."

"Nani alimwambia afanye kazi jana?"

Meyyappan akatazama saa yake. "Mimi. Nakala za mwisho zilikuwa zinapandishwa kwenda Veedu, kazi isingesimama."

Malarvizhi alishaanza kutembea; alikuwa mtu wa kufikiri kwa miguu, na walinzi wa makao makuu humwambia kwamba atatoboa sakafu ya serikali.

Savarimuthu alikuwa na miaka hamsini na kitu, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Mbele yake sahani ya idli, vitumbua vya mvuke, ilikuwa imepoa bila kuguswa. Alisimama kumwamkia.

"Kaa, kaka. Neno lako la siri nani analijua?"

"Jengo zima, mama. Limeandikwa kwenye karatasi, nimelibandika chini ya kibodi. Kila mtu huja kuniomba nimtolee kitu, nikiwa nakula nawaambia fungueni wenyewe."

"Jana saa kumi na dakika kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Chini, kwa mlinzi Ponnusami. Aliniita nikale dengu za nazi. Nilishuka saa kumi kasoro kumi, nikapanda saa kumi na nusu kasoro kidogo. Mashine ilikuwa inapandisha nakala peke yake, haihitaji mtu."

"Ponnusami ni mwenzako wa kula, neno lake peke yake halitoshi. Nani mwingine aliyekuona ukishuka?"

"Kamera ya korido ingeniona." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Lakini nayo waliifanyia puja."

"Unajua wanataka nini saa nne na nusu?"

"Najua. Mke wangu ameniambia kwa simu kwamba jirani keshauliza." Macho yalimjaa machozi, akayaacha yajae. "Mama inspekta, sehemu zote kumi ninazo tangu mwezi wa saba. Nilizihariri mimi, nyingine mpaka nyumbani kwangu. Ningetaka kuiba, ningengoja siku ambayo kila mtu anajua niko kazini peke yangu? Mimi ni mjinga kiasi hicho?"

Swali lilikuwa zuri. Malarvizhi aliinuka nalo na kuondoka nalo.

Ghorofa ya tatu ilinukia asumini na ubani wa jana. Kulikuwa na vyumba viwili. Cha ndani, kisicho na kamera, kilikuwa na kompyuta nane zimepangwa ukutani, kila moja ina doa la liwa na doa jekundu kwenye kioo, na koja la maua ya manjano shingoni. Mbele ya picha ya mungu wa elimu palikuwa na rundo la zana nyingine: diski, nyaya, makasi, vitabu, hata kalamu za ofisi zilizofungwa kwa mpira. Cha nje, kinachotazamana na korido, kilikuwa na kompyuta moja tu, namba tisa. Hiyo haikuwa na liwa, haikuwa na ua. Ilikuwa tupu kama mgeni aliyekuja harusini na nguo za kazini.

Malarvizhi alivuta kiti, akapanda, akaitazama kamera ya korido. Kioo chake kilikuwa kimezibwa kabisa kwa unga mwekundu. Tangu saa sita na dakika ishirini jana mchana kamera haikuwa imerekodi kitu zaidi ya wekundu mtupu.

"Wamekubariki mpaka wamekupofua," aliiambia.

Akarudi chumba cha ndani, akapita kompyuta moja baada ya nyingine, mikono nyuma. Kwenye namba tatu alisimama. Koja lilikuwa limekaa upande, na kati ya vitufe vya kibodi palikuwa na petali za manjano zilizopondeka. Mtu alikuwa ameibonyeza kompyuta hii baada ya kuvishwa.

Alipiga simu kwa fundi wake, akamsomea namba ya mashine. Jibu lilikuja kabla hajamaliza mzunguko wa tatu wa chumba: namba tatu ilifunguliwa jana saa tisa na nusu alasiri, kwa jina la Nivedita, mkuu wa Veedu.

Nivedita alikuwa na miaka thelathini hivi, kaletwa kutoka Bengaluru, na kabla ya hapo alifanya kazi kwa mmojawapo wa wale wakubwa wa nje. Jengo zima lilikuwa halijaamua bado kama ni dada yao au ni jasusi. Alikuja na simu mbili mkononi, zote zinalia.

"Dada, jana uligusa namba tatu."

Nivedita akafunga mlango kwa kisigino. "Shh! Nani kasema?"

"Maua yamesema."

"Ee mungu wangu. Sikiliza, afande. Tangazo la uzinduzi lilikuwa na tarehe ya mwaka jana. Ya mwaka jana! Ningengoja mpaka leo? Niliinua lile koja, nikarekebisha, nikatuma, nikalirudisha. Dakika nane. Kaangalie nilichotuma, kipo."

"Nimeshaangalia. Ni tangazo kweli."

"Sasa usimwambie bosi, tafadhali. Anaweza kusema sehemu ya kwanza imevuja kwa sababu ya mkono wangu. Wale wazee wangenichinja badala ya boga."

"Ulipokuwa humo kuna aliyekuona?"

"Wapi! Chumba hakina kamera, watu wote wako juu wanakata nazi. Ningeweza kubeba hata meza."

Malarvizhi alisimama ghafla, jambo ambalo lilimtokea mara chache.

"Hebu rudia."

"Ningeweza kubeba hata meza?"

"Hilo. Kutoka kwenye hizi nane, mtu angeweza kunakili *Kisima cha Saba*?"

"Zote zimeunganishwa kwenye ghala moja. Hii namba moja hata neno la siri haina, ni ya mafunzo. Unabonyeza tu."

Malarvizhi alishukuru, akatoka, akaanza tena kutembea koridoni, huku na huku chini ya kamera nyekundu. Saa tatu na nusu. Chini alisikia waandishi wakijaribu vipaza sauti.

Chumba cha ndani hakina kamera. Kina kompyuta nane, na moja haina hata neno la siri, haimtaji mtu. Mwizi yeyote mwenye akili timamu angeingia pale, angebonyeza namba moja, angetoka. Huyu hakutaka. Alipita milango hiyo yote akaenda kwenye mashine iliyo koridoni, ambayo ilibidi kwanza aipofushe kamera yake tangu mchana, inayohitaji neno la siri, na ambayo mhariri wake angeweza kurudi wakati wowote. Alijitafutia shida zote hizo kwa nini?

Savarimuthu hana sababu ya kuogopa koja. Nivedita haliogopi, ameliinua kwa mkono mmoja. Kwa watu hao wawili kulikuwa na kompyuta tisa. Kwa mwizi kulikuwa na moja.

Meyyappan alikuwa ameliweka jambo kichwa chini. Alisema ni mtu asiyejali puja. Kumbe ni mtu aliyeijali kuliko wote.

Alishuka mbio mpaka langoni. Ponnusami, mlinzi, mzee wa masharubu yaliyopakwa rangi, alipiga saluti.

"Mzee wangu, jana nani alipanda kiti akaipaka kamera?"

"Mzee Kothandaraman, wa idara ya kebo. Ndiye mkubwa wetu hapa, ndiye huongoza puja kila mwaka. Alisema kamera nayo ni zana, isibaki yatima. Tulicheka sana."

"Na mtu akitoka hapa unampekua?"

"Mpaka soksi. Diski haitoki bila karatasi."

"Jana kati ya saa kumi na robo na saa kumi na moja nani alitoka?"

Ponnusami akafungua daftari lake, akapitisha kidole. "Mmoja tu. Yeye huyo huyo mzee, saa kumi na nusu. Alikwenda kwenye gari lake, akarudi."

"Ulimpekua?"

"Mfuko wa bisi za mchele tu, afande. Akaniambia ni baraka, nikaondoa mkono. Mtu hachakuri baraka."

"Taa ya puja, ile ya kubariki sadaka, ilizungushwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na..." Kidole cha mlinzi kikasimama juu ya daftari. Aliinua macho polepole, na uso wake ukawa wa mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. "Saa kumi na moja na robo."

"Kwa hiyo saa kumi na nusu, ndani ya mfuko kulikuwa na nini?"

"Bado hazijatolewa kwa mungu," alisema Ponnusami. "Zilikuwa bisi tu."

Kothandaraman alipatikana ukumbini, anapanga nazi za uzinduzi. Alikuwa mrefu, mkavu, na viganja vyake vilikuwa na sugu za mtu aliyepanda nguzo nyingi ujanani. Alimfuata Malarvizhi ghorofa ya tatu bila kuuliza. Mlangoni kwa chumba cha ndani alivua viatu. Malarvizhi naye akavua.

"Mzee, nahitaji maelezo mafupi. Jina lako, na jana saa kumi mpaka saa kumi na moja ulikuwa wapi. Andika mwenyewe, niyachape."

"Nipe kalamu."

"Zile pale." Malarvizhi alionyesha rundo mbele ya picha.

Kothandaraman akatikisa kichwa. "Hizo bado, binti yangu. Robo saa nyingine."

"Sina robo saa. Basi andika kwenye kompyuta, yoyote."

Alisimama katikati ya chumba. Kushoto kwake nne, kulia nne. Namba moja ilikuwa kiasi cha hatua mbili kutoka aliposimama. Malarvizhi alijitahidi asitembee, na ilimuuma.

Mzee aligeuka, akatoka, akavuka mlango, akaenda akaketi mbele ya namba tisa.

"Umezipita nane," alisema Malarvizhi nyuma yake.

Mabega ya Kothandaraman yalikakamaa.

"Hizo zina makoja. Mtu yeyote angefanya hivi."

"Nivedita hakufanya hivi. Savarimuthu asingefanya hivi. Aliyeiba jana ndiye aliyefanya hivi." Akavuta kiti, akaketi mbele yake, magoti yakakaribia kugusana. "Na bisi ulizomwambia Ponnusami kuwa ni baraka, zilitoka langoni dakika arobaini na tano kabla ya taa. Yule mlinzi anaumia, mzee. Anasema umemdanganya kwa jina la mungu."

Hapo ndipo sura ya mzee ilipobadilika. Habari ya alama na nakala isingemtikisa. Hii ya bisi ilimwingia.

"Sikumtaja mungu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisema baraka."

"Sehemu tisa ziko wapi?"

Kwenye korido walisikia vigelegele vya kujaribu muziki.

"Miaka ishirini na saba," alisema. "Meyyappan hajaota ndevu, mimi niko juu ya nguzo Tambaram na waya wa kebo kwapani. Kila nyumba unayoisikia inaimba nyimbo za Punnai, waya wake niliupitisha mimi au mtu niliyemfundisha mimi. Wiki iliyopita wananiita. Wananiambia, mzee, baada ya uzinduzi idara yako tunaifunga, chumba chake tutaweka viti. Viti! Na wale wenye kebo zao mitaani, mia nne, watoto wangu wale, wakaangalie simu kama wengine. Nikasema basi na kitu chao kianze kibovu. Watu waone bure kwetu, kabla hawajaona kwake."

"Na Savarimuthu?"

"Sikumtaka yeye. Nilitaka mashine."

"Ungetumia namba moja, ambayo haina jina la mtu."

"Namba moja niliivisha koja kwa mkono wangu mwenyewe," alisema Kothandaraman, kana kwamba anamweleza mtoto. "Nitaigusaje?"

Malarvizhi alikuwa na hasira, na alikuwa anamwonea huruma, na vyote viwili vilimkera kwa sababu saa ilikuwa inakwenda.

"Mashine uliiogopa," alisema. "Mtu mzima mwenye mke na majirani, huyo hukumwogopa. Toa simu. Nani anazituma?"

"Mpwa wangu. Ana kebo Pallavaram."

"Piga. Weka sauti nje."

Simu iliita mara sita. Kijana akapokea akiwa na furaha, anasema kila kitu tayari, mjomba, watu laki tatu sasa.

"Usitume," alisema Kothandaraman.

"Nini? Mjomba, imebaki—"

"Nimesema usitume. Zima kila kitu, kaa hapo, polisi watakuja. Wape chai."

Akakata. Ilikuwa saa nne na dakika nane. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, na Malarvizhi akaona sugu zote.

Meyyappan alipoelezwa alikaa chini kwenye ngazi na hariri yake. Kothandaraman ndiye aliyemshika mkono siku alipoingia ofisini kwa baba yake mara ya kwanza. Hilo Meyyappan alilisema mwenyewe, bila kuulizwa. Halafu akainuka, akajipangusa.

"Afande, nakuomba kitu kimoja. Mpitishe mlango wa nyuma. Ni mzee."

"Kwa Savarimuthu ulitaka mlango wa mbele."

Meyyappan aliona aibu, akampisha kwenye ngazi.

Kothandaraman alipitishwa mlango wa nyuma bila pingu, kati ya askari wawili. Malarvizhi alibaki nyuma kuchukua namba tisa kama kielelezo, lakini mashine ilikuwa bado ndiyo inayoipeleka Veedu hewani, kwa hiyo ilibidi angoje mpaka saa nne na nusu ipite. Savarimuthu alirudishwa kwenye kiti chake. Puja ilikuwa imefunguliwa. Wenzake walikuwa wakivua makoja kwenye zile nane, na hakuna aliyejua amwambie nini, kwa hiyo walikuwa wakimwekea vitu mezani: ndizi, chai, kipande cha nazi.

Meyyappan aliingia mwenyewe, ameshika sahani ya shaba yenye liwa na unga mwekundu. Aliinama mbele ya namba tisa, kidole kimechovywa tayari.

"Jana tuliiacha kwa sababu ya kazi," alisema. "Na wewe pia, Savari. Nisamehe. Niruhusu niipake, iwe na wenzake."

Savarimuthu aliitazama ile sahani, akavaa miwani.

"Iache hivyo hivyo, bosi. Ingepakwa jana kama zile nane, mwizi asingejulikana, na leo ningekuwa garini mwa polisi."

Kidole cha Meyyappan kilibaki hewani, kinadondosha liwa. Chini, umati ulianza kuhesabu sekunde kwa sauti. Savarimuthu aliinua kibodi, akaibandua ile karatasi iliyokaa pale miaka kumi na moja, akaitia mfukoni mwa shati. Kisha akageuza skrini na kibodi, akaketi mgongo ukutani, ili kwa mara ya kwanza asiwepo mtu yeyote, hata Malarvizhi, wa kuona neno jipya la siri analoandika.